Nyumba za Matofali za Bukoba na Muleba

Neno utamaduni linapotajwa, watu wengi hufikiri kwanza juu ya ngoma, mavazi, methali na vyakula. Ni wachache wafikirio juu ya nyumba. Na hata hao, nyumba waifikiriayo ni ya msonge, ile iliyoezekwa nyasi tangu kileleni mpaka chini ardhini. Nyumba ya matofali haitajwi. Husemwa kwamba ni kitu cha kigeni, kilicholetwa na Mzungu pamoja na kodi na kengele ya kanisa, na kwamba ikianguka, basi na ianguke. Sisi tuliolelewa katika nyumba ya namna hiyo, katika nchi ya juu ya Kamachumu wilayani Muleba, tulikuwa na mawazo hayo hayo kwa miaka mingi. Katika kurasa hizi twataka kueleza jinsi tulivyoyabadili, na pia ni kwa kiasi gani, maana hatukuyabadili yote.

Tuanze mbali kidogo. Huko Uingereza nyumba za matofali mekundu zilizojengwa kati ya mwaka 1901 na 1910 huitwa kwa jina la Mfalme Edward wa Saba, aliyetawala miaka hiyo. Mwenye nyumba kama hiyo huionea fahari, na ikiwa imeingizwa katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, hana ruhusa ya kuibomoa wala kuibadili apendavyo mpaka apate kibali. Mfalme mwenyewe, kwa kadiri tujuavyo, hakufyatua hata tofali moja. Lakini jina lake limekaa juu ya kazi ya waashi maelfu, na kwa jina hilo kazi yao inaheshimiwa.

Miaka hiyo hiyo, huku kwetu magharibi ya Ziwa Viktoria, tanuri za matofali nazo zilikuwa zikifuka moshi. Mji wa Bukoba ulikuwa mchanga sana. Kituo cha Wajerumani kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Mapadre Weupe walikuwa wamefungua misioni ya Kashozi mwaka 1892, baada ya vita vya dini vya Buganda kuwasukuma kusini, na mwaka 1904 ikaanzishwa seminari ya Rubya katika nchi ya Ihangiro, ambayo leo imo wilayani Muleba. Huko walisoma vijana wa Kihaya pamoja na vijana waliotoka Rwanda. Kule Kampala, kanisa kuu la Namirembe lilijengwa kwa matofali kati ya mwaka 1901 na 1904, kisha likaunguzwa na radi mwaka 1910. Na huku Kanazi, Omukama Kahigi wa Kihanja, mshirika mkubwa wa Wajerumani, alijengewa jumba ambalo watu hulitaja hadi leo. Shuleni tulifundishwa jina la Emin Pasha na jina la Kahigi. Jina la fundi hatukufundishwa hata moja.

Yafaa msomaji aliye kijana, ambaye amezoea kuona matofali ya saruji yakishushwa kutoka kwenye lori, aelezwe tofali la kuchoma lilipatikanaje. Kwanza palitafutwa udongo, na udongo mzuri ulikuwa mabondeni, karibu na vinamasi, mbali na migomba. Ulichimbwa, ukarundikwa, ukamwagiwa maji yaliyoletwa kwa mitungi, ukakanyagwa kwa miguu siku nzima mpaka ukalainika kama unga wa kuumuka. Kisha ulijazwa katika kalibu ya mbao na kufyatuliwa juu ya ardhi iliyosawazishwa. Matofali mabichi yalifunikwa nyasi yakauke polepole, maana jua kali huyapasua, na mvua ya Bukoba, ambayo haingoji mwaliko, huyarudisha kuwa tope. Yaligeuzwa moja moja. Mwisho yalipangwa kuwa tanuri, mashimo ya moto yakiachwa chini, nje pakasiribwa tope, na kuni zikawashwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Tanuri ilipopoa na kufunguliwa, yaliyokuwa katikati yalilia kama chuma yakigongwa. Yaliyokuwa pembeni yalikuwa hayajaiva, nayo yalitupwa au yalijengewa kuta za ndani. Kila tofali lilibebwa kichwani kupanda mlima. Katika kazi hiyo yote, wanaume walifyatua, kuchoma na kujenga. Maji, nyasi na sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa juu ya wanawake na watoto.

Wako wasemao kwamba maarifa haya yote yalitoka Ulaya. Hapana shaka kalibu ya mbao na ukuta wa pembe nne tulionyeshwa na wamisionari. Lakini kuchoma udongo kwa moto mkali hakukuwa jambo geni kwa watu wa nchi hii. Pale Katuruka, katika wilaya ya Bukoba Vijijini, na pale Kemondo kando ya ziwa, Profesa Peter Schmidt na wenzake walichimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zilizotumika zaidi ya miaka 1500 iliyopita, nyingine zikikaribia miaka 2000 na zaidi. Ndani yake mlikuwa na mirija ya udongo uliochomwa, iliyopitisha upepo wa mivukuto hadi moyoni mwa moto. Mwaka 1978 habari hizo zilichapishwa katika jarida la sayansi la Marekani, na walimwengu wakashangaa kwamba wazee wa Buhaya walijua kupata joto la kutosha kutengeneza chuma cha pua. Basi kijana wa mwaka 1904 aliyeajiriwa kuwasha tanuri ya misioni huenda alikuwa mjukuu wa mfua chuma. Hatuoni sababu ya kumwita mwanafunzi mtupu.

Turudi Kamachumu. Nyumba yetu haikuwa ya enzi ya Edward wala ya Mjerumani. Ilikuwa mtoto wao. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika ziwani, Kisumu, mwaka 1901, kahawa ya Bukoba ilipata njia ya kwenda ng'ambo kwa meli na garimoshi. Kahawa ilikuwapo kabla ya hapo, lakini ilikuwa ya kutafuna na ya kumkaribisha mgeni, si ya kuuza kwa magunia. Katika miaka ya 1920 bei ilipanda, na fedha ile ikageuka kuta. Kila aliyeweza alitaka nyumba ya pembe nne kama ya padre. Babu yetu alimaliza yake, kwa hesabu ya wazee, mwaka mmoja au miwili kabla bei ya kahawa haijaanguka, yaani mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920. Mabati yalivuka ziwa kutoka Kisumu. Mbao za paa zilitoka katika mti tunaouita omuhumula, ambao Waganda huuita musizi. Na wataalamu wa mimea, kama kwa mzaha, wameuita kwa jina la yule yule Emin Pasha, Maesopsis eminii. Mti wetu nao ulipewa jina la mtu mwingine.

Kuta zilikuwa nene, za tofali moja na nusu, zilizounganishwa kwa udongo mtupu, kwa kuwa saruji ilikuwa ghali na chokaa haikupatikana karibu. Juu ya mlango na madirisha palikuwa na tao la matofali lisilo na chuma ndani yake. Mbele palikuwa na baraza yenye nguzo nne. Kwa nje ungeweza kudhani kwamba mwenye nyumba ameacha mila zote. Ukiingia ndani, ulikuta sakafu imetandikwa nyasi mbichi kama katika msonge, na babu ameketi upande wa kulia wa mlango, mahali alipoketi baba yake katika nyumba ya mviringo, kibuyu cha rubisi kikiwa karibu naye. Alikuwa amenunua viti vinne. Vilikuwa vya wageni. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, yalikuwapo makaburi, na nyumba ilijengwa ili mlango wa uani uyatazame. Jambo hilo halikutoka kwa padre yeyote.

Tumesema kwamba kwa miaka mingi hatukuijali. Tuliokwenda kusoma na kufanya kazi mbali tulipeleka fedha za kubadili mabati, basi. Kisha ikaja siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016. Alasiri, kama saa tisa na nusu, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi zilibomoka, hasa mjini Bukoba katika mitaa kama Hamugembe. Shule kongwe ya Ihungo, yenye majengo yaliyoachwa na wamisionari, iliharibika hata ikafungwa, na baadaye ikajengwa upya. Nyakato nayo ilifungwa. Huko kwetu ukuta wa pembe tatu ulio juu, chini ya paa, ulimwagika uani, na ufa ukashuka hadi kwenye dirisha la chumba cha bibi. Namshukuru Mungu, walisema majirani wote waliokuja kutuona, kwamba hapakuwa na mtu uani saa ile. Tao za milango hazikuteteruka hata moja.

Ukoo ulikutana. Wadogo zetu waishio Dar es Salaam walitaka nyumba ibomolewe yote na ijengwe mpya ya matofali ya saruji yenye paa la rangi ya buluu. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema nyumba iliyoungwa kwa udongo, isiyo na lenta, yaani ule mkanda wa zege wa kuzishika kuta kwa juu, ni kaburi lisilofungwa, na kwamba urithi uuao watoto hauna maana. Fundi tuliyemwita alikubaliana nao, ingawa tulishuku kwamba alikuwa akihesabu malipo ya nyumba mpya. Ndugu yetu mkubwa, ambaye ndiye musika, mrithi mkuu wa kibanja, alinyamaza. Aliyesema ni shangazi yetu. Zamani asingesema. Mila yetu ilimwachia binti sehemu ndogo sana ya neno katika ardhi ya ukoo. Hata mwaka 1990 ndipo Mahakama Kuu, Mwanza, ilipoamua kwamba haki ya kuuza shamba la ukoo isiwe ya mwanamume peke yake. Shangazi alisema, "Bomoeni. Lakini mwaniambia ninyi wasomi, ni nani kati yenu ajuaye matofali haya yalifyatuliwa na nani?" Hakuna aliyejua.

Swali hilo lilitusumbua kuliko ufa. Tulikwenda mjini kuuliza kama sheria yaweza kutusaidia. Jibu tulilisoma wenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulihesabu jengo kuwa kumbukumbu kwa ajili ya umri wake kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye lalindwa tu kama Waziri akilitangaza katika Gazeti la Serikali. Mstari huo wafaa sana kwa Kilwa na Kaole, ambako mawe yamesimama tangu karne nyingi. Lakini mji wa Bukoba wenyewe haukuwapo mwaka 1863. Kwa hiyo hakuna ukuta hata mmoja wa matofali, kuanzia Kashozi hadi Rubya, kuanzia Duka Kubwa la mjini hadi nyumba ya mwisho ya mkulima wa kahawa huko Muleba, uwezao kuingia kwa mlango huo wa umri. Hatusemi kwamba kila nyumba itangazwe. Serikali haiwezi kulinda kila baraza. Twasema tu kwamba mahali ambapo sheria haifiki, kazi inabaki kwa wenyeji, na wenyeji tulikuwa tumelala.

Isitoshe, majengo ya nchi hii yana maadui wengi kuliko mvua. Mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakitoka Kisumu, wakaiteka Bukoba kwa siku chache, wakabomoa ngome na mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, kisha wakaondoka. Vita vya mwaka 1978 na 1979 viliacha magofu ya kanisa pale Kyaka. Kinachobomolewa wakati wa vita huandikwa vitabuni. Kinachobomolewa na wenye nyumba wakati wa amani hakiandikwi na mtu.

Tulianza kuuliza majina. Shangazi alikumbuka matatu, aliyoyasikia kwa mama yake. Kisha tukaenda kwa mzee jirani, ambaye tangu utotoni tumemheshimu kama babu. Tulimwamkia, tukaketi, tukaeleza haja yetu kwa maneno mengi, tukitaja urithi na historia na vizazi vijavyo. Alitusikiliza mpaka mwisho. Ndipo akasema, "Baba yangu aliyabeba matofali hayo tangu mvua za vuli hadi mwaka mpya. Hakulipwa. Tulikuwa batwarwa wa babu yenu. Leo mnakuja kuyaita urithi. Urithi wa nani, wanangu?"

Yafaa tueleze. Chini ya nyarubanja, kibanja alicholima mtu kwa jasho lake kilihesabiwa kuwa cha bwana aliyepewa eneo lile na Omukama. Mtwarwa alitoa sehemu ya mazao, alitoa kazi, na alitoa heshima, na bwana aliweza kumsumbua apendavyo. Wajerumani hawakuliondoa jambo hilo, na Waingereza walilitazama kwa macho mawili. Baada ya Uhuru mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1965, pamoja na nyingine iliyofuata mwaka 1968, ikawaweka huru wakulima wa nyarubanja. Haya tulikuwa tumeyasoma, na baadhi yetu tumeyafundisha darasani kwa miaka mingi, ubaoni, kwa chaki, kama mambo ya watu wengine. Hatukuwahi kuambiwa nyumbani kwamba tulikaa ndani yake.

Hatukuwa na la kujibu. Tulitaka kuaga. Mzee akatuambia tukae, akaagiza tuletewe chai. Baada ya muda akaanza kutaja majina, polepole, akihesabu kwa vidole: baba yake, ndugu wawili wa upande wa bondeni, fundi mmoja aliyejifunza uashi Rubya, mwanamke mjane aliyekuwa akiteka maji. Tulipokuwa tukiandika alituzuia kwa mkono. "Andikeni," alisema, "lakini andikeni na hilo la kutolipwa. Msipoliandika, futeni na jina la baba yangu."

Hapo ndipo tulipobadili mawazo yetu, na ndiyo maana tumesema hatukuyabadili yote. Hatuamini kwamba nyumba ya matofali yastahili kuhifadhiwa kwa sababu ni nzuri au kwa sababu ni ya kale. Ipo misonge iliyokuwa mizuri kuliko yetu, nayo imeoza. Twaamini yastahili kwa sababu ni ushahidi: udongo wa bonde lile, mti wa msitu ule, fedha ya kahawa, tamaa ya mtu mmoja kufanana na padre, ukaidi wake wa kuketi alipoketi baba yake, na mabega ya watu ambao hawakuulizwa. Kitabu chaweza kusema uongo juu ya mambo hayo. Ukuta nao waweza kunyamaza, ikiwa hapana mtu wa kuuliza. Kule Katuruka wanakijiji walianza wenyewe, mwaka 2008, kukusanya habari za wazee wao na kulitengeneza eneo lao la kale ili wageni walione, hawakungoja kusukumwa. Mwalimu wa Historia huko Bukoba au Muleba hahitaji zaidi ya futi kamba, daftari na wanafunzi wasiochoka upesi. Wapime tofali, maana kila tanuri ilikuwa na kalibu yake, na urefu wa tofali waweza kuonyesha nyumba zipi zilitoka katika mikono ile ile. Wachore ramani ya vyumba. Waulize nani aliketi wapi. Wasiogope kuuliza nani alilipwa.

Nyumba yetu haikubomolewa yote. Ule ukuta wa juu haukujengwa tena kwa matofali. Umefungwa kwa mbao, ambazo ni nyepesi zikianguka. Kuta zimepunguzwa kimo na kuvikwa lenta, na ndugu zetu wa Dar es Salaam wamejengewa nyumba yao ya saruji upande wa pili wa kibanja, yenye paa la buluu, na kwa kweli wakati wa mvua sisi sote hulala huko. Matofali yaliyomwagika uani yalipangwa chini ya mti. Tulipoyasafisha tuliona katika moja alama ya vidole vinne vidogo, vya mtu aliyelishika kabla halijakauka. Tulimwonyesha shangazi, akaweka vidole vyake pale, havikuenea.

Daftari la majina limepelekwa katika maktaba ya shule iliyo karibu, pamoja na maneno ya mzee kama alivyoyasema. Majina yaliyopatikana ni tisa. Mzee alisema walikuwa kumi na mmoja, na hao wawili waliobaki, wote waliotoka upande wa Ihangiro ya chini kuja kuchoma tanuri, aliwajua kwa sura tu, kwa kuwa alipewa habari zao na baba yake akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Tumeandika namba kumi na kumi na moja, na mbele yake tumeacha nafasi.